Usilitupe jibu la pili

Wadogo zangu mnaoingia kidato cha tano kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), na ninyi wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) mtakaokutana na mada hii kwenye fizikia, naandika haya nikiwa Moshi, ninakofundisha tuisheni ya jioni kwa mwaka wa tisa sasa. Kila mwaka vijana wapya hunijia na maswali yaleyale ya kitu kilichorushwa hewani. Fizikia yake wanaijua: kitu kinapanda, kasi yake ya kupanda inapungua, inaisha, kinashuka. Hesabu yake wanaijua pia, ni mlinganyo wa kwadratiki, ule wa kipeo cha pili tuliosoma tangu kidato cha pili. Wanakwama pale hivyo viwili vinapokutana. Wanapata majibu mawili, wanafuta moja haraka haraka, na hawajui mlinganyo ulikuwa unawaambia nini.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Nilipokuwa kidato cha tano tulipewa jaribio. Mpira unarushwa wima kwenda juu kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, kutoka juu ya jengo lenye kimo cha mita 15. Utatumia muda gani mpaka ufike chini? Mchapuko wa graviti tuliambiwa tuchukue 10. Fomula nilikuwa nimeikariri vizuri, s = ut − ½gt² (s ni umbali kutoka pale kitu kiliporushwa, u ni kasi ya mwanzo, t ni muda, g ni mchapuko wa graviti), nikachomeka namba nilizoziona kwenye swali: 15 = 10t − 5t². Nikapanga upya, nikagawanya kote kwa 5, nikapata t² − 2t + 3 = 0. Nilipokokotoa b² − 4ac, ile inayokaa ndani ya kipeuo kwenye fomula ya kwadratiki, ikatoka 4 − 12, yaani −8. Kipeuo cha pili cha namba hasi hakipo katika namba halisi. Basi nikaandika: mpira haufiki chini.

Nilipata sifuri, na sentensi yangu ikasomwa mbele ya darasa zima. Niliambiwa tu kwamba nimepoteza alama ya hasi, nikasahihishe. Nikasahihisha bila kuelewa. Ilipita miezi kadhaa ndipo, siku moja nikiwa na daftari langu peke yangu, nikaona kilichotokea. Mlinganyo wangu haukukosea. Mimi niliuuliza: mpira utafika lini mita 15 juu ya pale uliporushwa? Nao ukanijibu kwa haki kabisa: hautafika, maana kwa kasi hiyo unapanda mita 5 tu kisha unarudi. Nililoliuliza nilijibiwa. Nililokusudia kuuliza sikuliuliza.

Ndiyo maana kwenye darasa langu hakuna anayeruhusiwa kuandika fomula kabla hajachora. Si lazima mchoro uwe mzuri. Mstari wa ardhi, mahali kitu kinapoanzia, mshale wa kuonyesha upande upi ni chanya, na nukta ya kuonyesha sifuri iko wapi. Sifuri unaweza kuiweka ardhini au pale kitu kiliporushwa, ni hiari yako. Chanya iwe juu au iwe chini, ni hiari yako pia. Ukishachagua, usibadili katikati ya njia. Mimi hupenda kuweka sifuri ardhini na chanya juu, kwa sababu hapo swali "mpira utafika chini lini?" linageuka kuwa "kimo kitakuwa sifuri lini?", na mlinganyo unajiandika wenyewe:

15 + 10t − 5t² = 0

Gawanya kwa −5: t² − 2t − 3 = 0. Vigawo vyake ni (t − 3)(t + 1) = 0. Kwa hiyo t = 3 au t = −1.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe. Karibu kila kijana hufika hapa, akaandika "muda hauwezi kuwa hasi", akapiga mstari juu ya −1 na kusonga mbele. Alama anapata. Jibu la swali ni sekunde 3 kweli. Lakini hiyo −1 haikutoka hewani. Mlinganyo haujui kama kuna jengo. Haujui kama kuna mkono ulioshika mpira. Unachojua ni safari nzima ya kitu kinachovutwa na dunia, kabla na baada ya ile sekunde unayoiita sifuri. Unakuambia hivi: kama mpira huu ungekuwa tayari safarini kabla hujauona pale juu ya jengo, basi sekunde moja nyuma ungekuwa ardhini.

Hakikisheni wenyewe. Rusha mpira mwingine kutoka ardhini kwa mita 20 kwa sekunde. Baada ya sekunde 1 umepanda 20 − 5, yaani mita 15, na kasi yake imepungua kutoka 20 hadi 10. Upo sawa na juu ya jengo, unapanda kwa mita 10 kwa sekunde, mpira uleule wa swali letu. Utakaa hewani sekunde 4 kwa jumla, na 4 ni 3 ukijumlisha na ile 1 iliyokuwa imefutwa.

Mwaka juzi binti mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo mwalimu, mtu wa chini akirusha wake, na mtu wa juu akirusha wake sekunde moja baadaye, mipira itaandamana?" Ndiyo, itaandamana mpaka chini, na itagusa ardhi kwa wakati mmoja. Nilifurahi sana siku ile. Swali lile halikuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Lilitoka kwenye ile −1.

Msijilaumu kama jibu hasi linawatisha, kwa sababu liliwasumbua wakubwa pia. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, ndiye aliyepanga njia za kutatua milinganyo ya aina hii hatua kwa hatua, na neno aljebra linatokana na neno la Kiarabu alilolitumia kwa moja ya hatua hizo. Yeye alitambua majibu chanya tu. Aliigawa milinganyo katika aina sita ili kusiwe na haja ya kugusa namba hasi. Mnapofundishwa fomula moja inayomaliza aina zote sita, mjue mmepewa kitu kilichochukua karne nyingi kupatikana.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Mitihani yetu ya sekondari huandikwa kwa Kiingereza, na nimeona vijana wenye akili kabisa wakisoma swali kama mtu anayeokota kokoto: wanachukua namba, wanaacha maneno. Wanaona 15, wanaona 10, wanakimbilia fomula. Nawaomba, kabla ya kushika kalamu, lisimulieni swali kwa Kiswahili, au kwa Kichaga kama ndicho mnachoongea nyumbani. Simulia kama unamweleza mdogo wako wa darasa la nne: kuna mtu yuko juu ya ghorofa, anarusha mpira juu, unapanda kidogo, unarudi, unampita, unaanguka mpaka chini. Ukishafika kwenye "unampita" utaona mwenyewe kwamba, ukiweka sifuri pale mpira uliporushwa, 15 haiwezi kuwa na alama ileile ya 10 kwa sababu mmoja ni mwelekeo wa juu na mwingine ni safari ya chini. Simulizi inakaa sekunde kumi na tano. Nililipoteza jaribio zima kwa kukosa sekunde hizo.

Twende kwenye kitu kinachorushwa kwa mshazari, ndio mwili wa mada. Mnapoanza mtaambiwa kasi igawanywe sehemu mbili: ya mlalo, inayopatikana kwa kosaini ya pembe, na ya wima, inayopatikana kwa saini. Watu huifanya kama ibada bila kujua kwa nini. Sababu ni kwamba dunia inavuta kwenda chini tu. Haivuti kulia wala kushoto. Kwa hiyo sehemu ya mlalo haibadiliki toka mwanzo hadi mwisho, tukiacha hewa pembeni, na sehemu ya wima ndiyo inayoishi maisha ya kupanda na kushuka. Galileo aliichapisha hoja hii mwaka 1638, kwamba miendo miwili hiyo huenda kila mmoja kivyake na njia inayotokea ni parabola. Kinachoziunganisha ni muda tu. Saa ni moja. Ukiutafuta muda kwenye wima, unaupeleka kwenye mlalo, umemaliza.

Chukua kihamba chochote, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, kule juu, Kibosho au Old Moshi, penye migrevilea miwili iliyosimama mbele ya nyumba. Kila mti una kimo cha mita 10. Kijana anapiga mpira kutoka ardhini kwa kasi ya mita 17 kwa sekunde, na ukiigawanya unapata 8 kwa mlalo na 15 kwa wima. (Nimechagua 8, 15 na 17 kwa makusudi, ni pembetatu mraba safi, mkitunga maswali yenu ya mazoezi mzitumie, zitawapunguzia desimali.) Tuseme mpira unagusa ncha ya kila mti bila kupunguzwa kasi. Miti iko umbali gani kutoka kwa mpigaji?

Wima: 15t − 5t² = 10. Gawanya kwa 5 na kupanga: t² − 3t + 2 = 0. Vigawo ni (t − 1)(t − 2), kwa hiyo t = 1 au t = 2. Mara hii majibu yote mawili ni chanya na hakuna wa kufuta. Sekunde 1 ni wakati mpira unapanda, sekunde 2 ni wakati unashuka. Zidisha kwa 8: mti wa kwanza uko mita 8, wa pili mita 16. Mpira utaanguka kwenye sekunde ya 3, umbali wa mita 24.

Nimeona kwenye madaftari watu wakichagua moja ya majibu hayo mawili kwa kubahatisha, eti swali lazima liwe na jibu moja. Soma swali linataka nini. Likiuliza mpira utafika lini kimo cha mita 10 kwa mara ya kwanza, chukua dogo. Likisema ukiwa unashuka, chukua kubwa. Likiuliza ulikaa muda gani juu ya kimo hicho, unayataka yote mawili, maana jibu ni tofauti yake.

Angalia pia katikati ya 1 na 2. Pana 1.5, na huo ndio wakati mpira uko kileleni. Parabola ina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo kilele daima kiko katikati ya majibu mawili ya kimo kimoja. Hata mwanzo na mwisho, 0 na 3, katikati yake ni 1.5. Na hapo nawakumbusha: mkiandika 15t − 5t² = 0, msigawanye kwa t. Mkigawanya mnabaki na 3 peke yake na 0 inapotea, na 0 ndiyo ile sekunde mpira ulipoondoka mguuni. Toeni t nje ya mabano.

Sasa tuikuze miti. Kileleni mpira uko mita 11.25. Kama miti ina kimo cha mita 11.25 hasa, mlinganyo unakuwa t² − 3t + 2.25 = 0, na b² − 4ac ni 9 − 9, sifuri. Jibu moja tu, 1.5. Kama miti ina mita 12, mnapata t² − 3t + 2.4 = 0, na b² − 4ac ni −0.6. Hakuna jibu, mpira haufiki. Natamani kila mwanafunzi wangu akiona hiyo b² − 4ac asione mzigo wa kukariri. Ni swali la kawaida kabisa: tunafika? Chanya, tunafika na kupita mara mbili. Sifuri, tunagusa kwa ncha. Hasi, hatufiki. Na ikitoka hasi mahali ambapo simulizi yako inasema lazima kitu kifike, kama mpira wangu wa ghorofani, rudi kwenye alama zako kabla hujaandika neno lolote.

Kuhusu vipimo sitasema mengi. Kasi ikitolewa kwa kilometa kwa saa, gawanya kwa 3.6, 72 inakuwa 20. Kuhusu g, someni maelekezo ya mtihani, kama ni 9.8 tumieni 9.8. Swali la ghorofa kwa 9.8 linatoa 15 + 10t − 4.9t² = 0, halina vigawo vizuri, mtatumia fomula na kupata takriban 3.05 na −1.01. Mmeona halikwenda mbali na 3 na −1. Mimi huwaambia wafanye kwa 10 kichwani kwanza, ndipo kikokotoo kije na 9.8, ili wakikosea kubonyeza wajue. Na usikadirie desimali katikati ya kazi, kadiria mwisho.

Aina ya mwisho ndiyo inayotenganisha watu, nayo ni pale pembe yenyewe haijulikani. Tuseme gari la zimamoto limesimama mita 20 kutoka kwenye jengo, maji yanatoka kwenye mpira kwa mita 20 kwa sekunde, na moto uko kwenye dirisha lililo mita 10 juu ya mdomo wa mpira. Mpira uinuliwe kwa pembe gani?

Muda wa kufika ukutani ni 20 kugawanya kwa sehemu ya mlalo ya kasi. Uingize muda huo kwenye mlinganyo wa wima. Kipande cha kwanza kinakuwa 20 mara tanjenti ya pembe; tuiite tanjenti hiyo T. Kipande cha pili kinabaki na 5 kugawanya kwa mraba wa kosaini, na hapa ndipo wengi huweka kalamu chini. Kumbukeni tu kwamba 1 kugawanya kwa mraba wa kosaini ni sawa na 1 + T². Basi:

10 = 20T − 5(1 + T²)

ambayo ikipangwa ni T² − 4T + 3 = 0. T = 1 au T = 3. Pembe ni nyuzi 45 au takriban nyuzi 71.6.

Zote mbili ni kweli. Maji yatafika dirishani kwa pembe yoyote kati ya hizo. Lakini fuateni kila moja muone. Kwa nyuzi 45 maji yanafika baada ya sekunde 1.41, na wakati huo kasi ya wima imeisha kabisa. Yako kileleni, yanaingia dirishani yakiwa yamelala sawasawa, kwa mita 14.1 kwa sekunde. Kwa nyuzi 71.6 yanapanda hadi mita 18, yanatumia sekunde 3.16, kisha yanakuja dirishani yakishuka kwa kasi ya wima ya 12.6 na ya mlalo 6.3 tu, mengi yatapiga kizingiti cha chini. Ningekuwa mimi nimeshika mpira ule, ningechagua ya kwanza. Na maji halisi husambaa hewani, kwa hiyo safari ndefu inayapunguza zaidi kuliko hesabu yetu inavyosema. Hesabu imekupa njia mbili. Kuchagua ni kazi yako, na ukiandika sababu yako kwenye karatasi ya majibu utakuwa umeonyesha kwamba unajua unachofanya.

Jioni tulipofanya swali hilo mara ya mwisho, niliwauliza: na kama moto uko mita 16 juu? Wakaandika 5T² − 20T + 21 = 0, b² − 4ac ikatoka 400 − 420. Hasi. Kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Hatufiki." Nikamwambia sawa, lakini watu wako juu, dereva afanye nini? Kasi ya maji haiongezeki.

Walikaa karibu nusu saa. Wakaacha namba 20 ya umbali, wakaweka x mahali pake, wakaitaka b² − 4ac isiwe hasi, na mwisho wakapata kwamba kimo cha juu kabisa maji yanachoweza kufika ukutani ni 20 − x²/80. Kwa x ya 20 kinatoka 15, ndiyo maana 16 ilitukatalia. Wakitaka 16, x² isizidi 320, x isizidi 17.888. Gari lisogee mbele mita 2.11 na kitu.

Kikokotoo kiliwaonyesha 2.1115. Darasa zima likaandika 2.11, kama tulivyozoea kukadiria. Yule kijana wa nyuma peke yake akaandika 2.12. Nilipomuuliza kwa nini, akainuka na kusema kwamba kwa 2.11 maji yanaishia chini ya mita 16 kidogo, amejaribu, na kwamba hapa haturuhusiwi kushusha.